Protini Iliyofungua Mdomo

Hii hamtaiamini hata nikila kiapo. Mpwa wangu Kothai, mtafiti hapa Chennai, alikuwa amebakiwa na siku moja aonyeshe kwamba dawa yake inashika protini ya kijidudu cha kifua kikuu, la sivyo kazi apewe mwingine. Kila picha aliyoipiga kwa mashine, ikiwa imegandishwa kwenye baridi kali, ilionyesha protini imejifunga, dawa haina pa kuingilia.

"Hata mimi kwenye baridi sifungui mdomo," nikamwambia.

"Wewe, Mjomba? Hufungi hata usingizini!"

Lakini akaenda kuipiga picha ikiwa na joto. Protini ikajinyumbua, kishimo kikafunguka, dawa ikajichomeka ndani! Nilikuwa palepale, nikaiona kwa macho yangu ikipiga miayo na—

"Mjomba! Ulikuwa nyumbani unakula idli!"