Ndoo Mbili za Pumba

Mimi nimeishia darasa la nne na nimejenga nyumba tatu Mafiga, kwa hiyo hakuna kitu cha kunishtua. Hivyo ndivyo nilivyojisifu mpaka farasi wetu, tuliyemnunua kwa kuchanga na shemeji yangu, alipovimba tumbo na kuanza kujigaragaza.

“Shemeji, umempa pumba?” nikamuuliza.

“Ndoo nzima. Si zamu yangu leo?”

“Zamu yako wapi! Na mimi nimempa ndoo nzima!”

Kila mmoja wetu alitaka farasi ampende yeye zaidi. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, akatuambia tumtembeze, akilala tu tumempoteza. Tukamzungusha Mwembesongo yote. Akina mama wakaacha nyanya zao, wakatufuata kwa vigelegele.

“Bwana harusi huyo! Bibi harusi mmemwacha wapi?”

Mbele ya duka la soda farasi akasimama, akainua mkia, akashusha mzigo wote barabarani. Mtaa ukalipuka kwa shangwe. Shemeji akanikumbatia huku akilia, na mimi na kitambi changu nikacheza. Nikawanunulia soda wote waliotusindikiza. Shemeji sikumruhusu atoe hata senti, farasi asije akampenda yeye zaidi. Nililipa mwenyewe daktari na soda, shilingi laki moja na elfu arobaini na tatu na mia tano.