Kaktusi ya Shangazi na Maji ya Ndagala

Maji yaliyooshewa ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, yana harufu nzito inayoganda mikononi, na kwetu Ubwari hakuna aliyeyamwaga ovyo. Mama alitufundisha kuyapeleka kwenye mchicha, kwenye nyanya, kwenye shina la mpapai, na kila kilichoyanywa kilinenepa. Basi nilipovushwa kwa boti kwenda Baraka, niishi kwa Shangazi nianze sekondari, nilijiona mkulima hodari kuliko watu wote wa mjini.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mshonaji. Hakuwa na mtoto, wala hakuwa na maneno mengi, na hayo machache yalikuwa makali. Siku ya kwanza aliniambia atanitazama likizo nzima. Akiona nina mkono mbaya, wa kuharibu kila ninachokishika, nitarudi kwa baba na shule nitaisikia redioni. Kijijini kwetu masomo yaliishia darasa la sita. Dirishani, karibu na cherehani, alikuwa na kaktusi ndani ya kopo la maziwa, aliyotoka nayo kambini Tanzania walikokuwa wakimbizi. Wenzake walirudi na mabati na magodoro. Yeye alivuka ziwa amepakata mti wa miiba. Nilipouona umesinyaa na kupauka, nikasema moyoni, hapa ndipo pa kupendwa.

Kila asubuhi, yeye akiwa sokoni, niliunywesha maji ya ndagala. Wiki ya kwanza ulivimba, nikafurahi kweli kweli. Wiki ya pili ukawa laini kwa chini, rangi ya chai. Wiki ya tatu ukalala ubavu, nyumba nzima ikanuka. Lo! Nilijua siuziki mti peke yake, nazika na shule yangu.

Shangazi alifuata harufu hadi dirishani. Akauchomoa, akatazama mizizi iliyokuwa uji mtupu, akanigeukia.

“Uliipatia nini hii muti?”

“Mayi ya ndagala, Shangazi.”

“Ya ndagala!” Akakaa chini. “Mutoto ya kaka yangu, hii haipendi samaki. Iko inakula jua.”

Nikasubiri kuambiwa nifunge mzigo. Badala yake akaniagiza wembe wake wa kukatia nyuzi. Akakata sehemu yote iliyooza mpaka akafika palipokuwa pakavu na pa kijani, kikabaki kipande kisichozidi kidole gumba. Akapaka unga wa mkaa kwenye kidonda, akakilaza juu ya karatasi kivulini. Siku kumi, akasema, hakuna kukigusa wala kukipa maji, ni kukiangalia tu. Jamani, kazi hiyo ilinitesa kuliko kuchota maji! Kwetu ukipenda kitu unakilisha, na mimi nilitakiwa kukaa mikono mitupu. Siku zilipotimia nilileta mchanga na kokoto kutoka ziwani, nikaviosha mara tatu, naye akatoboa kopo kwa msumari, tukapanda. Likizo ikawa inaisha, kaktusi haijaonyesha dalili yoyote, na Shangazi hajaniambia lolote.

Jumapili ya mwisho nilimkuta akikata kitambaa cha bluu. Akaniita nisimame anipime kiuno. Nikamuuliza kaktusi ikifa itakuwaje.

“Ikikufa tutalia,” akasema, pini zikiwa mdomoni. “We utasoma.”

Nililia palepale, hadi akanigombeza kwamba namvurugia vipimo. Mizizi ilikuja baadaye sana, na mimi nilikuwa nimeshazoea njia ya shule.

Sasa mimi ni mwalimu hapahapa Baraka. Shangazi amezeeka, tundu la sindano halioni tena, na kaktusi imejaa beseni zima. Nikimshukuru, ananifukuza eti namchosha, namshukuru hivyohivyo. Siku hizi kumpokea mtoto wa ndugu kumekuwa kugumu. Unga umepanda bei, vyumba ni vidogo, na kila mtu ana simu ya kutolea udhuru. Mimi pia nalalamika sana, muulizeni mume wangu. Wasichana watatu kutoka Ubwari wanalala sebuleni kwangu juu ya mkeka mmoja. Juzi kaka yangu, ambaye binti yake amemaliza darasa la sita, alipiga simu, akazunguka weee, akiuliza habari za mvua, habari za mihogo, akishindwa kulifikia neno lenyewe. Nikautazama ule mkeka. Nikamwambia amlete.