Waombolezaji Waliotoka Houston

Siku ya kwanza kazini niliulizwa juu ya kikombe cha chai. Ilikuwa mwaka 2018, katika nyumba ya kupanga huko Euless, Texas, jirani na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege hupita chini sana hata mtu hulazimika kuikata sentensi yake katikati na kuingoja anga inyamaze. Nilikuwa nimeitwa kutafsiri tu. Binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi, alikuwa amesikia kwamba kuna Mwingereza anatengeneza filamu ya Kiswahili na haelewi waigizaji wake wanasema nini. Mimi nilikuwa nimetumika redioni mkoani, Tanzania, maisha yangu yote ya ujana, na sasa nilikuwa nakaa kwa binti yangu Carrollton nikikunja nguo za wajukuu. Nikaenda.

Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, koti lake kubwa kuliko yeye. Jina lake Nell. Alikuwa amepiga filamu fupi mbili tatu kwao Uingereza, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Alisimamisha kazi akauliza watu wote kuhusu mwigizaji mkuu: "Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono gani?" Hakuna aliyejua. Nikasema mkono wa kulia, chai ilikuwa nusu, na saa yake ya mkononi, ile yenye mkanda uliofungwa kwa uzi wa buluu, ilikuwa imegeukia ndani. Kuanzia siku ile nikawa mtunza mfuatano.

Niwaeleze vijana kazi hiyo, maana wengi hawajui kama ipo. Filamu haipigwi kwa mfululizo kama maisha yanavyokwenda. Mtu anaweza kufungua mlango Jumatatu na kuingia ndani Alhamisi. Kipande kimoja kinachopigwa kamera ikiwa haijazimwa huitwa shoti, na shoti moja hurudiwa mara nyingi. Mtunza mfuatano ndiye anayehakikisha kwamba aliyefungua mlango akiwa na kofia haingii kichwa wazi. Kwa mtu aliyezoea kuripoti habari, haikuwa ngumu. Mkuu wangu wa habari redioni alikuwa akitwambia, "Usiandike unachodhani. Andika unachonusa." Nilimwona mkali. Siku hizi namkumbuka sana.

Ngumu ilikuwa kumwelewa Mwongozaji. Sisi tumelelewa na wakubwa wanaoagiza. Nell alikuwa anauliza. Akitaka shoti irudiwe atasema, "Mnaonaje, labda tungejaribu tena?" Mwigizaji mkuu, Papa Amani, Mkongo wa Kivu aliyekuwa akipakua mizigo ghalani Mesquite siku ambazo hatupigi picha, aliulizwa hivyo siku ya pili akajibu kwa moyo mweupe, "Hapana, ile ya kwanza ilikuwa muzuri." Nell akashukuru, akasubiri. Papa Amani naye akasubiri. Tukasubiri sote.

"Mama Neema," Papa Amani akaninong'oneza, "uyu dada anaomba ao anaagiza?"

"Anaagiza."

"Sasa juu ya nini anauliza?"

Hata Msaidizi wa Kwanza, yaani yule anayesimamia saa na watu ili Mwongozaji afikirie picha tu, jamaa mnene wa Fort Worth mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa haelewi. Alikuwa akisikia "labda" anakwenda kunywa kahawa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, wikendi kwa wikendi, kwa zaidi ya mwaka. Filamu ya kujitegemea haina kampuni kubwa nyuma yake. Inapigwa pale nyumba inapoazimwa na waigizaji wanapopata ruhusa ghalani. Mtayarishaji, yule anayetafuta fedha na vibali, alikuwa Houston, saa nne hivi kwa gari, na sisi tulimjua zaidi kama sauti kwenye simu. Mwishowe sauti hiyo ikasema: imebaki siku moja ya kupiga picha. Mkipata mwisho wa filamu, mmepata filamu. Msipoupata, tunafunga.

Mwisho wenyewe ulikuwa matanga. Katika hadithi, baba anayefanya kazi ghalani, aliyeigizwa na Papa Amani, anafariki, mjane anakaa sebuleni bila kulia, mpaka anaingia mtu kutoka mbali, na hapo ndipo anapolia. Tuliazimwa nyumba Mesquite. Mwenyewe angerudi jioni. Mtayarishaji aliahidi kutuletea kutoka Houston waigizaji wa pembeni, wale wanaojaza chumba bila kusema neno, pamoja na mzee mmoja wa kuingia mlangoni.

Papa Amani hakuipenda siku hiyo. Picha yake ilikuwa imewekwa juu ya meza ndogo, maua huku na mshumaa kule.

"Sura yangu na bougie mbele? Mama, iyo ni kuita kifo."

"Ni filamu tu, Papa Amani."

"Kifo haijui cinéma."

Tukapatana. Picha itakaa, ila yeye hatakuwepo chumbani watu wakilia, kwa sababu mtu hai hasikilizi kilio chake mwenyewe. Nell aliafiki hapo hapo. Papa Amani akaenda kukaa kwenye gereji ya nyumba ile, akapachika spika za masikioni za fundi sauti, akafungua kopo la soda. Msaidizi wa Kwanza akapita na kikapu akikusanya simu zote ili zisilie katikati ya shoti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulijua. Mama Zawadi, aliyeigiza mjane, alikuwa amefurahi sana usiku wa kuamkia siku hiyo tulipopanga chumba. Alipiga picha ile meza yenye sura ya Papa Amani na mshumaa, akaandika anwani ya nyumba juu yake, akaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisa lake, na chini yake akaweka ujumbe wa sauti akieleza kwamba yeye sasa ni nyota wa filamu. Wenzake wakaipeleka mbele. Picha ilisafiri, sauti ikabaki. Waliopiga simu asubuhi kuuliza hawakupokelewa, maana simu zilikuwa kikapuni. Na ni nani asiyejua kwamba nyumba ya msiba haipokei simu?

Adhuhuri magari mawili yakasimama nje. Mbele alishuka mzee mrefu mwenye suti nyeusi, nyuma yake akina mama watatu wamejitanda vitenge, wamebeba vyungu.

"Houston?" Msaidizi wa Kwanza aliuliza.

"Houston," akajibu mzee.

"Mmechelewa. Wewe utaingia kwanza. Akina mama kushoto."

Kamera haikuwashangaza hata kidogo. Misiba yetu huku yote hupigwa picha ili walio nyumbani waione. Mzee akaingia, akina mama wakaanza kulia tangu mlangoni, na mimi nikajisemea kwamba Mtayarishaji safari hii kapata watu. Lakini ndege ikapita. Fundi sauti akatikisa kichwa.

Nell akasema kwa upole, "Mnaonaje, labda tungeingia tena?"

Mzee alinigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na umri wake mle ndani. "Mama, hapa njo vile wanafanyaka?"

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Hapa ndivyo wanavyofanya."

Wakatoka, wakaingia tena. Niliwaza baadaye: watu wale walikuwa wamevuka mipaka mingi, wakaambiwa katika kila mpaka rudi nyuma, simama hapa, ingia upya. Kwa nini wangeshangaa kuambiwa hivyo kwenye msiba?

Safari hii mzee hakukaa alipoonyeshwa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akapiga magoti mbele ya picha.

"Mudogo wangu," alisema. "Kule kambi ya wakimbizi walikuita kwanza weye, ukaenda Amerika na mama, miye nikabakia. Mama akafia huku, ukamuzika bila miye. Nikaapa weye pia utazikwa bila miye." Akaigusa fremu ya picha. "Angalia. Nimekuja."

Mama Zawadi akaanza kulia, na hakuwa anaigiza. Mpiga picha alikuwa amesogea karibu, haonekani hata kupumua. Mimi nilikuwa naangalia vyungu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, nione vimewekwa pale vilipowekwa kwanza. Vikawa vinanukia. Sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu. Chini ya kifuniko kimoja mchuzi ulikuwa unachuruzika.

Vyungu vya filamu huwa vitupu.

Nikasimama mbele ya kamera, dhambi kubwa kuliko zote katika kazi yetu. "Baba," nikauliza, "nani amekutuma?"

"Kwenye kilio mutu anatumwa?"

"Zimeni!" nikasema. Msaidizi wa Kwanza akanifokea, mimi nikamfokea, na katika kelele hizo mlango wa gereji ukafunguka, akasimama Papa Amani, spika shingoni, kopo la soda mkononi.

Mama mmoja alikimbia kupitia dirishani. Nasema nilichokiona: dirishani. Mzee aliinuka taratibu, akamwendea, akamgusa shavu, akamgusa bega, kisha akamshika ukosi.

"Weye! Umekufa ao haukufa?"

"Yaya," Papa Amani alimwita kwa neno lao la kaka mkubwa, "niko kazini."

"Kazi gani ya kufa?"

Ilinichukua muda kumweleza Nell, kwa sababu hata mimi nilikuwa naielewa nusu nusu, na Mama Zawadi alikuwa analia na kuapa kwamba sauti aliituma, jamani, sauti aliituma. Msaidizi wa Kwanza alikuwa wa kwanza kuona faida. "Huo ndio mwisho wa filamu," alisema. "Hakuna mwigizaji duniani angeufanya hivyo." Alimpigia Mtayarishaji, naye akasema vivyo hivyo.

Nell aliniomba nimuulize mzee kama tunaruhusiwa kuitumia. Nikamuuliza. Jina lake tulishalijua sasa, Papa Furaha.

"Ile machozi haiko ya cinéma," alijibu. "Nililetea mutu mwenye amekufa. Mwenye amekufa hayuko. Mufute."

Nikamtafsiria. Nell aliitazama shoti ile tena kwenye kioo cha kamera. Nje jua lilikuwa limeanza kulala upande wa karakana za jirani. Mwenye nyumba alikuwa njiani. Nell akasema, "Labda tungeifuta?"

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyedhani anauliza. Mpiga picha akaifuta.

Hatukuwa na mwisho. Tulikaa tu, watu wa filamu upande huu na waombolezaji upande ule, wote tukiwa hatujui adabu ya mahali kama pale ni ipi. Yule mama wa dirishani ndiye aliyerudi akatuokoa. Alivuta chungu. "Chakula ya kilio hairudiake nyumbani," akasema, na akaanza kupakua.

Papa Furaha alikula bila kumwangalia mdogo wake. Kisha akasema, akitafuna, "Ile picha walikuchagulia mubaya. Unaonekana kama fundi wa kuiba baiskeli." Mtu mmoja akacheka. Halafu wote.

Nell alisimama na kamera begani, akaniomba nimuulizie. Papa Furaha akameza tonge. "Kula, mupige. Kulia, hapana."

Tukawapiga wakila mpaka mwenye nyumba alipofika, naye akapewa sahani. Waigizaji wa Mtayarishaji walifika wakati huo huo, vijana wa Kikenya wa chuo, nao wakala.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shoti ya mwisho ya filamu. Watu wako matangani wanacheka, na watazamaji hawaelewi. Ukiangalia vizuri pembeni kulia, unaingia mkono unamega ugali, na kwenye mkono huo kuna saa yenye uzi wa buluu. Ni mkono wa marehemu. Nell aliiona wakati wa kuhariri, akanipigia simu. "Hilo ni kosa la mfuatano?"

"Ni kosa."

"Labda tuliache?"

Nikamwambia tuliache.

Filamu ilionyeshwa mwaka 2020, wakati wa korona, kila mtu akiwa mbele ya kompyuta yake nyumbani. Nell alikuwa amekwisha kurudi Uingereza. Hakuna aliyenipigia tena kwa kazi, na hivyo ndivyo nilivyostaafu, kwenye kochi, bila sherehe. Vijana mkiniuliza kama niliielewa kazi ile, nitawaambia niliyaelewa mambo mawili: tazama mikono ya watu, na nusa vyungu. Mengine bado yananichanganya.

Maghala hayakufungwa mwaka ule. Kila alfajiri, kabla Papa Amani hajaingia zamu, simu yake ilikuwa inalia kutoka Houston. Alinisimulia mwenyewe.

"Marehemu," sauti ya kaka yake inauliza, "uko?"

"Niko kazini, yaya."

Na simu inakatwa.