Kachumbari ya Maziwa ya Kopo

Dafroza alirudi Kirua Vunjo na sanduku moja, godoro, na bakuli la kioo alilolipakata njia nzima kutoka Moshi mjini lisije likavunjika. Bakuli hilo alipewa na Madam Nok, mama wa Kitai ambaye Dafroza alimpikia miaka mingi kule Shanty Town, mtaa wa wenye nacho. Mume wa Madam alikuwa mnunuzi wa vito. Biashara ilipolegea wakafunga nyumba, wakarudi kwao, na Dafroza naye akarudi kwake.

Kwake ni kihambani, shamba la nyumbani la marehemu mumewe. Migomba ilikuwa imesongamana mpaka mwanga unaingia kwa shida, na mlango wa jiko umevimba kwa unyevu, haufunguki bila kuusukuma kwa bega. Mwanawe Anold yuko Mwanza na familia yake. Hupiga simu Jumapili, akipata nafasi.

Majirani walimpokea vizuri tu. "Karibu nyumbani, Mama Anold." Lakini wakishasalimia, walipita. Walikuwa wamezoea kuishi bila yeye. Misiba, harusi, ubatizo, vyote viliwapitia yeye akiwa mjini anatuma salamu. Sasa akiwakuta wanawake bombani wanacheka, kicheko kilishuka. Si kwa ubaya. Ni kwamba hadithi ile ingebidi aelezwe tangu mwanzo, na nani ana muda huo na ndoo kichwani?

Kwa hiyo Mzee Fabian, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, alipotangaza kwamba sala ya Jumamosi itakuwa kwa Mama Anold, moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Alimwambia Mungu waziwazi, akiwa anapalilia: wakija wakala, wakakaa wakapiga soga, nitajua nimerudi nyumbani. Wakila mbio wakaondoka, Bwana, nitajua pia.

Alipika wali, nyama na maharage. Halafu akatoa bakuli la kioo, kwa sababu alitaka awape kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kuwapa.

Ile saladi alifundishwa na Madam Nok. Unakata kabichi nyembamba kama uzi, karoti, tango, mahindi mabichi ya kuchemsha, tufaa kama lipo, na zabibu kavu. Mchuzi wake sasa ndio wenyewe: unaponda viini vya mayai yaliyochemshwa, unatia mafuta kidogo kidogo, ndimu, chumvi ya kuonja, kisha maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, mpaka unakuwa laini na wa manjano. "Saladi ya Wazungu," Madam alimweleza kwa Kiswahili chake cha kudonoadonoa. "Wao, siki nyingi. Inafika kwetu, mama zetu wanasema, hapana, tia utamu." Kwao iliandaliwa watu wakiwa na furaha. Hapo Shanty Town Madam aliiandaa kila siku ya kuzaliwa ya mama yake, akaweka sahani mbili mezani, kwa kuwa mumewe alikuwa safarini siku zote. "Kaa, Dafroza." Naye Dafroza alicheka, akafuta mikono kwenye aproni. "Aa, Madam, mimi nitakula jikoni." Madam alikula peke yake, akitazama dirishani, na sahani ya pili ikarudi kabatini safi.

Jumamosi walikuja, "Tumsifu Yesu Kristo" mlangoni, "Milele na milele, amina." Rozari ikasaliwa, nyimbo zikaimbwa, chakula kikaletwa. Na hapo Dafroza akakosea. Kwa Madam saladi ililiwa peke yake, kwanza. Yeye aliiweka pembeni ya wali, mahali pa kachumbari, na watu wakaichota kama kachumbari. Wakaimwaga juu ya nyama.

Mzee Fabian akatafuna pole pole, akasimamisha kijiko.

"Mama Anold, ni ulimi wangu au kachumbari imetiwa sukari?"

"Ni maziwa ya kopo, Mzee."

"Kwenye kabichi?"

"Mwacheni," akadakia Eliza, Mama Wilbert, jirani wa boma la chini, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza ngedere. "Mae! Laini hivi, tamu hivi, hiki ni chakula cha mzazi. Dafroza, umetuona tumejifungua, nini? Mzee Fabian, hongera, mtoto gani?"

Wakacheka mpaka Mzee Fabian akafuta machozi. Dafroza naye akacheka, mkono mdomoni, lakini aliona sahani zikisogezwa, saladi ikisukumwa kando kama mifupa. Wingu lilikuwa limefunga juu mlimani, kila mtu akakumbuka ng'ombe wake. Wakamshukuru, wakaondoka. Eliza peke yake ndiye aliyebaki nyuma kidogo.

"Nifungie hiyo kidogo, mama. Isimwagwe."

Dafroza alijua ni huruma. Akampa bakuli lote.

Sasa pale Kirua, bakuli la jirani hulirudishi hivi hivi. Utaweka mayai mawili, au chane ya ndizi mbivu, hata majani ya maboga. Ndiyo namna ya kusema tumekula, tupo pamoja. Dafroza akaanza kulingojea bakuli. Mvua ikanyesha Jumapili, Jumatatu ikanyesha. Aliposikia hatua kwenye matope alitoka nje, akakuta ni mtu anapita kwenda kukata majani. Anold hakupiga. Jioni alisali rozari kwa sauti, akiitikia mwenyewe, ili nyumba isikie mtu.

Jumatano Eliza akatokea kwenye migomba, khanga kichwani. Akaliweka bakuli mezani. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Na lilikuwa tupu.

Dafroza alilitazama, akalisogeza pembeni. "Aika, asante, Mama Wilbert," alisema.

"Usinune. Nimelileta tupu makusudi."

"Makusudi?"

"Ungefikiri nimeshindwa hata ndizi moja? Mkwe wangu Pamela, tangu ajifungue, mtori wa ndizi hataki, supu hataki, kila kitu anasema kinanuka mafuta. Jumamosi nimeweka lile bakuli mezani nikalisahau. Narudi toka kukamua, mzazi amelikumbatia, analamba kijiko! Tangu hapo ananisumbua, 'Mama, nataka kile cha Mama Anold.' Nimeona haya kuja, mimi niliyewachekesha watu. Sasa lijaze, nami nikae nikukatie hiyo kabichi."

"Utakata nene wewe."

"Basi nifundishe. Umekaa mjini mpaka umekuwa mchoyo?"

Walikata pamoja. Kopo lilikuwa la mwisho kati ya yale aliyoachiwa na Madam. Walipofika boma la chini, Pamela alikula ameketi kitandani, mtoto ubavuni, wala hakuongea mpaka alipomaliza. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa chumbani, wakizungumzia mambo ambayo Dafroza hakujua mwanzo wake. Lakini walimsogezea kigoda. Mmoja alimpa mtoto ampakate.

Alirudi nyumbani mvua imekatika, bakuli mkononi, na ndani yake mayai manne na saladi kidogo iliyobaki chini. Alisukuma mlango kwa bega. Jikoni palikuwa kimya vilevile. Alijaribu namba ya Madam Nok, amweleze kwamba kuna mzazi huku mlimani amepona njaa kwa chakula cha mama yake. Simu haikupatikana.

Miaka yote ile, hakuna jirani aliyewahi kubisha hodi kwa Madam, wala bakuli lake halikuwahi kwenda kwa mtu likarudi.

Dafroza akatoa sahani mbili. Akagawa ile saladi sawasawa, akafanya ishara ya msalaba, akavuta kiti.

"Haya, Madam," akasema. "Nimekaa."