Kitufe cha Herufi Kubwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenibakishia macho ya kusoma Kitabu Chake na vidole vya kufanyia kazi.

Katika ofisi ya madrasa yetu hapa Kikwajuni, mimi ndiye mwandishi wa daftari la wanafunzi. Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta, katika programu tuliyotengenezewa na fundi mmoja. Asubuhi huanza na barua, na juu ya kila barua huandika Bismillahi kwa herufi kubwa. Kisha hufungua daftari kwa neno la siri. Mwezi mmoja daftari likawa linanikataa. Nikikosea mara tatu linajifunga, mpaka fundi aje.

Alipokuja mara ya nne, alimwambia mwalimu mkuu mbele yangu, "Bi mkubwa keshachoka, anasahau. Mpeni mwengine kazi hii, yeye apumzike."

"Nimesahau nini?" nikamuuliza. "Chagua juzuu yoyote nikusomee hapa kwa moyo."

Mwalimu mkuu akacheka. Fundi akainamia kibodi. "Ah, kumbe umeacha herufi kubwa zimefungwa, kila unachoandika kinatoka kwa herufi kubwa. Kitufe hichi."

"Na nitajuaje, na neno la siri linaonesha vitone tu? Kwenye taipureta kilikuwa kikizama, kinabaki chini, kidole kinajua. Hichi kinarudi juu kila mara, na taa yake imekufa tangu mwezi uliopita. Programu yako iniambie."

Alinuna, lakini siku ya pili alileta alama nyekundu kando ya neno la siri: "Herufi kubwa zimefungwa." Nikaandika barua, nikafungua daftari. Alama haikutokea, na neno likakataliwa. Nilipobonyeza kitufe kuzifungua herufi zirudi ndogo, ndipo alama ikawaka.

"Inasema uongo, mwanangu."

"Haiwezi, Bi mkubwa. Inahesabu kila unapobonyeza."

"Inahesabu programu yako ikiwa wazi. Mimi nshabonyeza kwenye barua, yenyewe bado sijaifungua. Usihesabu vidole vyangu. Iulize kompyuta hali ilivyo sasa hivi."

Akavuta kiti. Kabla ya adhana ya adhuhuri alama ilikuwa ikisema kweli kila nilipoingia, hata nikitoka kwenye barua.

"Basi, tutafute mwengine?" mwalimu mkuu akauliza kwa mzaha.

"Nitapumzika siku nitakayoomba mwenyewe," nikamjibu, nikaendelea kuingiza majina ya wanafunzi wapya.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu yenye manufaa, na akujaalie watu wa kukusikiliza kabla hawajakuhukumu. Amin.