Mada ya Kesho

Kiwanda chetu kilipouzwa, mnunuzi alichukua mashine akatuacha sisi. Mimi nilikuwa karani mchapaji, na vidole vyangu ndivyo vilivyonipatia kazi kwenye kafe ya intaneti pale mjini. Mwenye kafe, kijana aliyerudi kutoka Dar na kompyuta sita, alikuwa amefungua blogu ya Morogoro ili Watanzania walio nje waisome na wafanyabiashara waweke matangazo. Masharti yake yalikuwa mafupi. "Dada, kila siku mada mpya. Siku ukikosa, kiti nampa mwingine."

Wiki mbili za kwanza niliandika kama niliyefunguliwa mdomo. Mgao wa umeme, mashimo ya barabarani, namna ya kupika kisamvu kwa karanga, wanaume wanaobana matumizi ya nyumbani ili wakayamwage baa. Kisha kichwa kikakauka. Kabisa. Nilikuwa naamka, nakaa mbele ya kompyuta, mshale unapepesa, unapepesa, nami sina hata sentensi moja. Siku moja niliandika faida za kunywa maji. Mwenye kafe alisoma, akaniangalia, akauliza, "Maji, dada?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nikaanza kuwinda habari kwa watu. Nilitembea mtaa wetu wote wa Mafiga na daftari, kila ninayekutana naye namuuliza habari. Nanyi mnajua Mswahili akiulizwa habari anajibu nini. Nzuri! Mama wa Gairo anayeuza karanga, nzuri. Mzee jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha Mzinga, salama tu mwanangu, na ukimbana zaidi anaanza kuzungumzia mvua. Hata yule ambaye mtaa mzima tulijua mumewe kahamia kwa mwanamke mwingine alinichekea: "Nzuri shoga, sijui zako." Nililichukia neno hilo. Nusu ya mtaa imeachishwa kazi, watu wanapika mara moja kwa siku, na hakuna mwenye habari isipokuwa nzuri.

Mama yangu alikuwa akishuka kutoka kijijini kwetu mlimani kila Jumatano na Jumamosi na tenga la ndizi kichwani, na kabla ya kwenda sokoni alipita kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za huko?"

"Nzuri. Ila..."

Hapo mimi tayari nafunga mlango. Kafe inafunguliwa saa mbili, na zile ila zake nilizijua: ila ngedere wamemaliza mahindi, ila mjomba wako anagombania mpaka wa shamba. Nani aliyeko Ulaya atasoma mambo ya ngedere? Jumamosi moja nilimkatiza kwa hasira, ndiyo, mama yangu mzazi, nikamwambia, "Mama, wewe kila siku nzuri, nzuri! Mimi natafuta habari!"

Alijitwisha tenga lake taratibu. "Haya mwanangu," akasema, "nenda usichelewe."

Jumatano hakuja. Jumamosi hakuja. Jumatatu mdogo wangu wa kike alishuka kuniambia kuwa wamemfikisha mama hospitali, ziwa lake moja limefunguka kidonda. Uvimbe ulianza tangu mwaka uliopita. Mama alikuwa amewakataza wasiuseme kwa mtu, kwamba atanieleza mwenyewe, mimi mkubwa, ninayejua mambo ya mjini. Tulipofika wodini, daktari alituuliza kwa nini tumechelewa hivyo. Mdogo wangu akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia sakafu.

Kutoka hapo nilikwenda kafe moja kwa moja. Niliandika yote bila kufuta neno, mlango wangu, tenga lake, na mara zote nilizomkatiza. Nililia juu ya kibodi mbele ya wateja na sikujali. Kufika jioni watu wa London, wa Muscat, wa sehemu ambazo sikuwahi kuzisikia walikuwa wameandika kwamba nao wanalia, kwamba wamewapigia simu mama zao. Waliuliza mama anaendeleaje. Waliomba nisiache kuwaeleza. Mwenye kafe alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Pole sana, dada," alisema, na alikuwa anamaanisha. Kisha akanionyesha skrini. "Watu wanasubiri ya kesho."

Asubuhi yake nilikwenda wodini na chupa ya uji. Niliingia nikijiandaa kwa lolote. Nilimkuta mama amekaa kitandani, homa imeshuka, anasuka nywele za mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamwamkia, nikakaa, nikangoja aseme mwenyewe.

"Leo nimelala mpaka asubuhi," akasema. "Hata maumivu siyasikii sana."

Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa hofu: sasa leo nitaandika nini?