Mafuta ya Baraka Kwenye Kamera

Mama alikuwa ameamua picha ya mazishi yake ipigwe angali na uso wake. Alisema hivyo bila kupepesa macho, ameketi kitandani kwake Makongeni, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Mimi nikajifanya nafuta lenzi. Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi na chumba kilikuwa giza. Kutoka nje alikataa, majirani wasije wakaona alivyokonda. Picha ya simu hakutaka hata kuisikia.

"Ya simu ni ya kutumiana vichekesho," akasema. "Leta ile ya kazi."

Kamera hiyo ya kazi ndiyo iliyonilisha mtaani Githurai 45, kwa harusi na picha za pasipoti. Siku hiyo flashi yake ndogo, ile inayoinuka yenyewe juu ya lenzi, iligoma. Nilibadilisha betri. Nikahakikisha sijaizima kwenye mipangilio. Nikazima kamera, nikaiwasha, nikabonyeza kwa hasira. Flashi kubwa ya kuchomeka nilikuwa nimeiacha nyumbani Mwiki, na nilijilaani kwa hilo. Mimi si mtu wa subira, na Mama alikuwa anachoka, bega moja limeanza kushuka.

"Au imeokoka," akasema, "imekataa mambo ya dunia?"

"Mami, ngoja kidogo."

"Pole pole. Mimi sina haraka ya kwenda."

Hilo la kuokoka ndilo lililonishtua. Mwanzoni mwa mwaka kanisani kwao kulikuwa na ibada ya kubariki vifaa vya kazi. Watu walibeba majembe, mikasi ya ushonaji, hata funguo za pikipiki. Mama ndiye aliyenivuta, akaiweka kamera yangu mbele kwa mikono yake, na mchungaji hakuwa bahili wa mafuta. Nilipangusa yale niliyoyaona tu.

Nikatazama kile kireli cha juu ambapo flashi kubwa huchomekwa. Pembeni kuna kiswichi kidogo: kikibonyezwa na flashi kubwa, ile ndogo hujizuia. Mafuta yalikuwa yameshikana na vumbi, kiswichi kimenasa chini. Nikakikwangua kwa kijiti cha meno mpaka kikaachilia.

Flashi ikainuka. Nikapiga.

Mama akaichukua kamera, akaitazama skrini kwa muda mrefu. Mwanga ule haukumhurumia. Ulianika mashavu yaliyobonyea, shingo, kila kitu ambacho giza lilikuwa limetufichia. Niliumia, nikatamani flashi ingebaki imekufa.

"Futa hiyo," akasema. "Halafu urudishe yale mafuta."

Nikafuta. Kisha nikacheka, machozi yakiwa karibu, naye akacheka hadi kitambaa kikamteleza sikioni. Nikapiga tena.

Hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza, na mashangazi walinung'unika kwamba si picha ya mtu wa kanisa. Mifupa yote inaonekana, na pengo la meno pia. Lakini hiyo Mama aliitazama, akanirudishia kamera, na hakusema nifute.